Uongo Mara Mbili kwa Simu: Ukuaji wa Mhusika katika Sehemu ya "Ozymandias" ya Breaking Bad na Mzigo wa Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kupima ukuaji wa mhusika kwa kumweka ama katika kundi la wahusika bapa ama katika kundi la wahusika duara. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho hakitoshi kwa tamthilia ya uhalifu ya televisheni, ambamo mhusika aghalabu hubadilika kwa namna anavyosema na kwa yule anayemsemea, wala si kwa kile anachokiri moyoni. Mfano unaochambuliwa ni sehemu moja ya Breaking Bad, ambamo mume anamdanganya mkewe kwa simu mara mbili. Uchambuzi unaangalia viambishi vya nafsi, majina ya kuitana na istilahi za ujamaa, na kuonesha kwamba mfasiri anayesimulia kwa Kiswahili hawezi kubaki pembeni: kila kiambishi anachokichagua kinaamua mhusika ameishia wapi.

Utangulizi

Katika kibanda cha video, sauti inayotawala si ya mwigizaji bali ya mfasiri. Yeye hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti, na kusema kwa niaba ya kila mtu aliye kwenye kioo: mwanamume, mwanamke, mtoto, askari, jambazi. Utaratibu huu ulitangulia kushamiri Uganda, na nchini Tanzania jina lililovuma zaidi ni la marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kazi yake ilitoka katika vibanda vya Dar es Salaam na kusambaa kwa kanda, kisha kwa diski. Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu namna Waafrika wanavyozitwaa kazi za kigeni na kuzigeuza kuwa zao, ameichukulia kazi ya wasimulizi hawa kuwa sanaa yenye hadhi yake yenyewe. Wataalamu wa Kiswahili hawajaifuatilia kwa kiasi inachostahili. Huenda ni kwa sababu inanuka soko, na vitu vinavyonuka soko huchelewa kufika madarasani.

Mahali kama Kamsamba, katika Wilaya ya Momba mkoani Songwe, sauti ya mfasiri ina uzito wa pekee. Kiswahili huko kinaishi pamoja na Kiwanda na Kinyamwanga. Kwa wengi ni lugha ya shule, ya soko, ya kituo cha polisi na ya mahakama ya mwanzo. Maneno kama mtuhumiwa, maelezo na kielelezo hayakusubiri riwaya wala televisheni ili yafahamike. Yalifahamika kwa kesi ya ng'ombe au ya mpaka wa shamba. Mtazamaji wa namna hiyo hahitaji kufundishwa maana ya mtu kusema jambo mbele ya askari. Anachohitaji ni mfasiri asiyemwaribia jambo hilo kabla halijatimia.

Swali linaloongoza makala haya ni jepesi kuuliza: mhusika anapobadilika kwa maneno yenye wasikilizaji wawili, Kiswahili kinamdai nini anayeyafasiri? Mifano ya Kiswahili inayotolewa hapa imetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Haikunukuliwa kutoka katika nakala yoyote iliyorekodiwa, kwa kuwa kinachotafutwa ni lile ambalo sarufi yenyewe inamlazimisha mfasiri yeyote.

Bapa, duara na mpelelezi asiyebadilika

Mgawanyo wa wahusika bapa na duara unatokana na E. M. Forster, aliyeutoa mwaka 1927, na umeingia katika Kiswahili kupitia vitabu vya nadharia ambavyo kila mwanafunzi wa fasihi anavifahamu, vikiwamo vya Kyallo Wadi Wamitila. Ni mgawanyo wenye manufaa. Lakini umekuwa pia mazoea: kila msahihishaji wa mitihani amekutana na jibu linalomtangaza Rosa wa Rosa Mistika (1971) kuwa mhusika duara "kwa sababu anabadilika", na likaishia hapo, kana kwamba kubadilika ni hali ya hewa inayompata mtu bila yeye kufanya lolote.

Fasihi ya upelelezi ya Kiswahili, kwa upande wake, haikuwahi kuusumbua sana mgawanyo huo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anatoka kitabu hadi kitabu na kiko chake na mantiki yake ileile. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), anabadili miji na maadui, habadili tabia. Huo si udhaifu. Katika hadithi ya upelelezi kinachokua ni maarifa ya msomaji, na mpelelezi anapaswa kusimama imara ili maarifa hayo yapate pa kuegemea. Tamthilia za polisi za televisheni zimerithi mpango huohuo kwa urahisi, maana kila juma linaleta kesi mpya na askari walewale.

Breaking Bad iliupindua mpango huo kwa kumweka mhalifu mahali pa mpelelezi. Tamthilia hiyo, iliyobuniwa na Vince Gilligan na kuoneshwa na kituo cha AMC cha Marekani kuanzia mwaka 2008 hadi 2013, ina misimu 5 na sehemu 62. Inamfuata Walter White, mwalimu wa kemia wa mjini Albuquerque anayegundulika kuwa na saratani, akaanza kutengeneza dawa za kulevya kwa kisingizio cha kuiachia familia yake fedha. Kwa kipimo cha Forster, Walter ni duara bila ubishi. Ugumu unaanza mtu anapouliza ni wapi hasa, katika saa moja ya televisheni, uduara huo unaonekana na kusikika.

Sehemu yenyewe

"Ozymandias" ni sehemu ya 14 ya msimu wa 5. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 2013. Iliandikwa na Moira Walley-Beckett na kuongozwa na Rian Johnson, na jina lake limetoka katika shairi la Percy Bysshe Shelley la mwaka 1818. Inaanza kwa kurudi nyuma, siku ya kwanza Walter na kijana Jesse Pinkman walipopika dawa jangwani. Walter anatoka kwenye gari, anajizoeza uongo peke yake, kisha anampigia simu mkewe Skyler, ambaye ni mjamzito, na kumwambia kwamba bosi wake wa pale kwenye kituo cha kuoshea magari anamchelewesha. Skyler anapendekeza jina la mtoto: Holly. Picha za watu zinafifia na jangwa linabaki tupu.

Kisha tamthilia inarudi mahali palepale, muda mrefu baadaye. Hank, ofisa wa idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya na mume wa dada yake Skyler, amejeruhiwa na genge la Jack. Walter anaomba asiuawe na kutoa dola milioni 80 alizozificha mchangani. Hank anakataa kuomba, na anauawa. Genge linachukua fedha na kumwachia Walter pipa moja. Walter anamtoa Jesse mikononi mwao, na kwa ukatili usiokuwa na faida yoyote anamweleza jinsi alivyomtazama mpenzi wake akifa bila kumsaidia. Nyumbani Skyler anachukua kisu. Mwana wao anamkinga mama yake na kuwaita polisi. Walter anakimbia na kichanga Holly. Jioni anapiga simu nyumbani. Polisi wamekaa wanasikiliza.

Shemeji, ndugu, afande

Kabla ya simu hiyo ya pili, jangwani, mfasiri ameshakutana na jaribio la kwanza. Kwa Kiingereza neno linalomtaja Hank halibagui ndugu wa mke na mume wa dada wa mke. Kiswahili kinabagua: watu wawili waliooa dada na dada ni wanyumba, na kila mmoja ni mwanyumba wa mwenzake, ingawa leo wengi hutosheka na shemeji. Mfasiri mwenye kupenda usahihi anaweza kushawishika kulitumia neno hilo Walter anapomsihi Jack. Lingekuwa kosa. Mtu anayeomba uhai wa mwenzake hatafuti usahihi wa nasaba. Anakuza ujamaa hadi ufike pale ambapo kuukataa kunakuwa aibu. "Ni ndugu yangu" ndiyo kauli ya mwombaji. Na kama katika sehemu zilizotangulia mfasiri amekuwa akisema shemeji, basi kuhama kutoka shemeji kwenda ndugu ni tukio la kitabia: kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Walter anamtaja mtu huyu kwa kumsogeza, wala si kwa kumpima kama adui.

Hank naye analeta ugumu wa aina nyingine. Mbele ya bastola anajitambulisha kwa cheo chake. Kiswahili cha Tanzania kina afande, neno linalobeba heshima yote ya sare, lakini ni neno la kuitwa. Aliye chini ndiye anayelitoa. Mtu hajiiti afande kwa uzito, na akijiita wasikilizaji watacheka wakati usiofaa. Hivyo mfasiri hana budi kutumia muundo wa ofisini: "Mimi ni," kisha cheo, kisha jina la ukoo, kama mtu anayeandikisha maelezo kituoni. Heshima ambayo afande ingeitoa kwa kuitwa, Hank anajipa mwenyewe kwa ukavu wa karani, na ukavu huo unamfaa. Hajakua hapo. Amesimama pale alipokuwa tangu mwanzo, na kwa kusimama kwake ndipo kuporomoka kwa Walter kunapopimika. Mhusika ambaye darasani angeitwa bapa ndiye anayebeba uzito wa tukio.

Simu mbili

Kati ya simu ya kwanza na ya pili mzungumzaji ni yuleyule, msikilizaji ni yuleyule, na kitendo ni kilekile: mume anamdanganya mke. Kipimo cha mabadiliko kiko hapo. Katika simu ya kwanza uongo unamlinda mwongo. Ni mdogo, umeandaliwa, na una msikilizaji mmoja. Katika simu ya pili uongo unamlinda anayedanganyiwa. Walter anauliza kama Skyler yuko peke yake, kama hakuna polisi. Skyler anamwambia hakuna. Kisha anaanza kumfokea na kumtukana, akijitapa kwamba kazi yote ameijenga yeye na kwamba mkewe alikuwa mzigo na mwoga aliyetishwa. Uso wake unatiririka machozi huku sauti ikinguruma. Maneno yale, yakirekodiwa na polisi, yanamsafisha Skyler. Naye Skyler, kidogo kidogo, anaelewa.

Hapa ndipo sarufi ya Kiswahili inapoingia. Kiwakilishi cha nafsi ya pili cha Kiingereza hakitofautishi mmoja na wengi, kwa hiyo kauli ya Walter inaweza kumwangukia Skyler na askari kwa pamoja bila kujifunua. Kiswahili hakina uficho huo. Linganisha:

(1) Nilikuambia usiniingilie.
(2) Niliwaambia msiniingilie.

Sentensi ya (1) ina msikilizaji mmoja. Ya (2) ina wengi, na mfasiri akiteleza mara moja tu, labda kwa mazoea ya kutumia wingi kwa adabu au kwa kuchangamka na umati ulio mbele yake kibandani, amemtoa Walter hadharani. Wingi unasema: najua mko wengi mnanisikia. Hila imekufa. Kwa hiyo umoja wa u- na -ku- unapaswa kushikiliwa kwa nidhamu kali kuanzia salamu hadi simu inapokatwa. Kwa bahati njema, hapa Kiswahili kinatoa faida ambayo Kiingereza hakina: mtazamaji makini anayesikia umoja ukikazwa, ilhali kioo kinamwonesha chumba kilichojaa askari, anausikia ukaidi wa mwanamume anayekataa kukiri kwamba wapo.

Jambo la pili ni mimi. Kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kinajitosheleza kwa kiambishi cha nafsi, kiwakilishi huru kinapotokea kinakuja na kazi maalumu:

(3) a. Niliijenga.
    b. Niliijenga mimi.
    c. Mimi ndiye niliyeijenga.

Kauli ya (3a) ni taarifa. Ya (3c) inafunga mlango: ni mimi, wala si mtu mwingine yeyote. Kimantiki ndiyo inayomfaa Walter, maana kumtenga Skyler na kosa ndilo lengo lake. Lakini (3c) inanuka kizimba. Mtu aliyepandwa na hasira hapangi sentensi kwa urejeshi, na askari mwenye uzoefu angejiuliza mbona mtuhumiwa huyu anaungama kwa ufasaha namna hii. Kauli ya (3b) ndiyo yenye sura mbili. Masikioni mwa askari ni majivuno ya mhalifu; masikioni mwa Skyler, akishaelewa, ni ungamo. Mimi hiyo moja inafanya kazi ambayo mwigizaji wa Kiingereza anaifanya kwa mkazo wa sauti.

Jambo la tatu ni jina la kuitana. Mke mwenye mtoto, katika sehemu kubwa ya Tanzania, huitwa na mumewe kwa jina la mtoto. Ni kawaida kabisa, basi, mfasiri kumfanya Walter wa simu ya kwanza amwite Skyler "mama Junior", na mazungumzo yale kuhusu jina la Holly yanapata kina ambacho asili haina: kuchagua jina la mtoto ni kuchagua pia jina ambalo mama anaweza kuitwa. Katika simu ya pili jina hilo linapaswa kutoweka. "Wewe mwanamke" inatosha. Tusi zito kuliko hilo halihitajiki, ingawa kibanda kingelifurahia. Kumvua mwanamke jina la mtoto wake, usiku ambao mtoto huyo ameporwa, ni tusi ambalo mtazamaji wa Kamsamba atalisikia bila kuelekezwa.

Kwamba Walter amerejewa na akili kunadokezwa muda mfupi kabla ya simu. Akimbadilisha Holly nguo, kichanga kinasema "mama". Neno ni lilelile kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingi za jirani. Ni mahali pekee katika sehemu nzima ambapo mfasiri anaweza kuweka kipaza sauti chini.

Fumbo na anayelifumbua

Wahakiki wa tamthilia hii hawakubaliani kuhusu simu ya pili. Wapo wanaoiona kuwa maigizo matupu, na wapo wanaoshikilia kwamba matusi yale yana ukweli, kwamba Walter anautapika uchungu aliokuwa nao kweli dhidi ya mkewe. Mzozo huu unatatanisha zaidi kwa nadharia inayodai kauli iwe ama ya dhati ama ya kuigiza. Fasihi ya Kiswahili ina chombo kinachoufaa zaidi, nacho ni fumbo. Fumbo si uongo. Sura yake ya juu ni kweli kwa kiasi chake, na ndiyo maana inashika. Ujumbe wa kanga humwambia "wewe" asiyetajwa. Mtaa mzima unausoma, mmoja anajua kwamba ameambiwa yeye. Walter anaugeuza mpango huo: anayetajwa ni mmoja, waliokusudiwa kuamini maneno ya juu ni wengine, na huyo mmoja ndiye pekee anayetakiwa kuyapita. Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Usiku ule mjinga ni dola, na mwerevu ni mwanamke aliyedanganywa tangu simu ya kwanza.

Ukuaji wa Walter, kwa hiyo, haukamiliki ndani ya Walter. Unakamilika Skyler anapoacha kujitetea, sauti yake inaposhuka na kuanza kumwitikia kama mke aliyetishwa. Yeye ndiye anayeufumbua, na tangu hapo wanaigiza wawili. Asingeufumbua, Walter angebaki mnyama aliyepora mtoto. Nadharia ya bapa na duara inamtazama mhusika kama chungu kinachogeuzwageuzwa ili pande zake zionekane. Haina mahali pa kumweka msikilizaji ambaye bila yeye upande ule usingekuwapo.

Hatari inayomkabili mfasiri wa kibandani inatokana na ubora wake. Msimulizi mzuri hueleza. Huona mtazamaji amepotea, humshika mkono: "Hapo anawazuga maaskari, jamani." Katika filamu ya mapigano maelezo hayo ni hisani. Katika simu hii yanamnyang'anya Skyler kazi yake na kumpa mfasiri. Mtazamaji anaelewa kabla ya mke, na kinachobaki ni kumsubiri mwanamke mzito wa kuelewa. Kunyamaza kabisa nako kuna gharama. Asiyeona vizuri uso wa mwigizaji, kwa kuwa ameketi nyuma au kwa kuwa nakala ni mbovu, ataondoka akiamini kwamba Walter amemalizikia katika matusi, na kwa huyo tamthilia nzima imepata maana nyingine.

Mapendekezo ya makala haya ni mfasiri aseme kila neno la simu kwa nafsi ya kwanza, bila "anasema" na bila kando yoyote, umoja ukishikiliwa mwanzo hadi mwisho. Machozi ayaache kwa kioo. Kama kuna haja ya kueleza, nafasi ipo baadaye. Baada ya simu kukatwa, wazimamoto wanamkuta Holly ndani ya gari lao, ameachwa mahali ambapo atapatikana na kurudishwa. Hakuna mazungumzo ya kufasiri kwa sekunde kadhaa. Sentensi moja pale, yenye mama wa mtoto ndani yake na isiyomtaja Walter, itamfikia hata aliyeketi nyuma kabisa.